Kidonda chenye kukataa dawa, na feza ndogo kuliko vumbi

Mu mwezi wa mvua nyingi, ndugu mumoja wa ekipi yetu ya usiku alikatwa na chuma ku muguu, chini kidogo ya goti. Haikuwa ajali kubwa. Hata karatasi ya ajali haikuandikwa siku ile, na hilo ni kosa ambalo sisi wadelege tunalibeba mpaka leo. Ku dispansere ya kazi walimusafisha, wakamupa vidonge vya amoksisilini vya siku tatu, akarudia shimoni na buti ya mpira iliyojaa maji. Siku ya sita muguu ukavimba. Wakamuongezea vidonge vile vile. Haikupona. Bibi yake akanunua sipro mu famasi ya kando ya barabara, vidonge vine tu, sababu franka hazikutosha kwa boite nzima. Kiisha sindano kwa infirmiye wa kartie. Kiisha tena vidonge vingine, vya rangi mbili, hakuna anayekumbuka jina.

Ni mu wiki ya tano tu ndipo munganga wa hospitali kubwa alichukua usaha kidogo na kuutuma ku laboratware. Jibu liliporudi, karatasi ilikuwa na orodha ya antibiotiki, na mbele ya karibu kila moja kulikuwa herufi R. Rezistan. Maana yake, mikrobe ile haiogopi dawa hiyo. Dawa mbili tu zilikuwa na herufi S. Moja haikupatikana mu muji wote. Ya pili ilipatikana, lakini bei yake kwa siku kumi ilipita mushahara wa mwezi. Tukachanga mu ekipi zote tatu. Muguu haukukatwa, tunamushukuru Mungu, lakini mufupa ulikuwa umekwisha kuguswa. Leo ndugu yetu anatembea na fimbo na anafanya kazi ku lampisteri, anagawa taa kwa wenzake wanaoshuka.

Tulipokutana mu mukutano wa sendika baada ya ile mambo, kijana mumoja wa umeme akasimama na telefone yake. Akasema kule kwa wenzetu wamekwisha kutengeneza dawa ya «nano», vipande vidogo sana vya feza na vya shaba, vyenye kuua hata mikrobe ambayo antibiotiki imeshindwa. Mwingine akatoa mu mufuko kichupa alichonunua sokoni: «Bandugu, hii ni mayi ya arjan, munakunywa kijiko asubuhi na mangaribi, mikrobe yote inakufa.» Wa tatu akasema: shaba si ndiyo hii tunachimba kila siku? Basi tusage jiwe, tuweke ku kidonda, yakwishe. Watu wakacheka, lakini si wote. Tuliona macho ya wengine yakifikiri kweli.

Ndiyo sababu tunaandika. Tumeuliza waganga, tumesoma, tumebishana. Tunaleta hapa kile tulichokipata.

Kwanza, namna gani mikrobe inazoea dawa? Bakteria ni kiumbe kidogo chenye uhai, kinazaa haraka sana, na kati ya mamilioni yake kunakuwako daima vichache vilivyo tofauti na vingine. Ukiikunywa dawa nusu, unaua vile vyepesi na unaacha vile vigumu. Hivyo vigumu ndivyo vinazaa. Tena vinapeana ufundi wao, kimoja kinapitishia kingine kipande cha maandiko ya ndani ya mwili wake, hata kama si vya jamaa moja. Bakteria nyingine zinatengeneza mukasi wa kukata dawa vipande. Nyingine zinabadilisha kufuli, ufunguo wa dawa hauingii tena. Nyingine ziko na pompe. Sisi watu wa migodi tunaelewa pompe vizuri: mwaka 2011 pompe za Kipushi zilipoharibika, maji ilipanda ikajaza mugodi chini. Pompe ikitumika, shimo linabaki kavu. Bakteria nayo vile vile, dawa inaingia, pompe inaitupa inje, ndani kunabaki kavu. Na mu kidonda cha siku nyingi zinafanya hata zaidi. Zinakaa pamoja na kujifunika na utelezi, sawa ule unaoshika mawe ya muto, na dawa inapita juu bila kuzifikia.

Hii si habari mupya. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, aliposimama kupokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mutu akitumia dawa kidogo kuliko inavyotakiwa atafundisha mikrobe kuishinda. Mwaka 2019 pekee, kufuatana na hesabu ya wataalamu iliyotoka mu gazeti la waganga The Lancet mwaka 2022, watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja juu ya bakteria zilizokataa antibiotiki. Ni wengi kuliko wale ambao malaria iliua, ni wengi kuliko wa SIDA. Na Afrika yetu ya kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba muzigo muzito zaidi. Hapa kwetu Kongo, mwaka huo huo wa 2019, watafiti wa INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, walieleza juu ya salmonela waliyoipata mu damu ya wagonjwa, yenye kukataa karibu kila dawa inayotumika mu hospitali zetu kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo ndugu yetu wa ekipi ya usiku hakurogwa, sawa vile jirani mumoja alivyosema.

Sasa hii nano. Nanometa moja ni meta moja iliyogawanywa mara milioni elfu moja. Bakteria ya kawaida iko na urefu wa nanometa elfu moja ao elfu mbili. Nanopartikile, vile wataalamu wanavyoiita, ni kipande cha nanometa moja mpaka mia moja. Kama bakteria ingekuwa sawa kamio ya benne ya meta kumi, basi kipande cha nanometa kumi ni jiwe la kushika mu mukono mumoja. Na mutu wa mugodi anajua kwamba jiwe moja likivunjwa kuwa unga, uso wake wenye kugusa hewa na maji unaongezeka sana. Ndiyo sababu tunasaga kabla ya kutia asidi. Ni ufundi ule ule. Feza (tunasema feza ya madini, arjan, si ile ya kulipia deni) ikivunjwa hivyo inaachilia kwa wingi chembe zake zenye umeme, zinazoitwa iyoni. Hizo iyoni zinatoboa ngozi ya bakteria, zinashika mashini zake za ndani, zinavuruga maandiko yake ya kuzaa. Antibiotiki mara nyingi inapiga mahali pamoja. Feza inapiga mahali pengi mara moja, na kwa bakteria ni vigumu zaidi kujikinga pande zote kwa wakati mumoja. Hapo ndipo matumaini yalipo.

Feza yenyewe ni dawa ya zamani. Kule Leipzig, Ujerumani, munganga Carl Credé alianza miaka ya 1880 kudondosha maji ya nitrate ya feza mu macho ya watoto waliozaliwa, na upofu uliotokana na ugonjwa wa mama ukapungua sana. Ile krème nyeupe ya kuungua, ambayo wengi wetu tumeiona ku dispansere, iko na feza ndani, na imetumika tangu miaka ya 1960. Tangu miaka ya 1990 kuko bandeji zenye feza ya nano, zinauzwa, zinawekwa hasa ku vidonda vya moto. Lakini tuseme ukweli wote: wataalamu walipokusanya majaribio yote pamoja mwaka 2010, hawakupata uhakika wa kutosha kwamba bandeji za feza zinazuia usaha ao zinaponyesha haraka kuliko zingine. Kuua bakteria mu kichupa cha laboratware ni jambo moja, kuponya muguu wa mutu ni lingine.

Na shaba? Hapa turuhusiwe tukae kidogo, sababu ni jambo letu. Toka 1971 mpaka 1997 jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba. Katika Ufaransa ya karne ya 19, munganga mumoja jina lake Victor Burq aliingia mu kiwanda cha kuyeyusha shaba kule Paris. Akaambiwa kwamba kolera ya mwaka 1832, iliyoua watu wengi sana mu muji ule, haikuua mufanyakazi hata mumoja wa pale, na walikuwa karibu mia mbili. Burq akazunguka akiuliza viwanda vingine na miji mingine, akakusanya hesabu, akazipeleka mbele ya wataalamu wakubwa wa Paris mu miaka ya 1860. Hawakumufuata sana. Alipendekeza mambo mengine ya ajabu na shaba, pengine ndiyo ilimuharibia jina. Leo inajulikana kwamba bakteria nyingi zikikaa juu ya shaba safi zinakufa mu saa chache. Mwaka 2008 serikali ya Marekani iliandikisha rasmi shaba na aloi zake kuwa chuma chenye kuua mikrobe: kwa majaribio yake, bakteria 99.9 kwa mia zilikufa mu saa mbili. Hata zile zinazokataa antibiotiki. Vipande vya nano vya oksidi ya shaba vinajaribiwa sasa mu nguo za hospitali, mu rangi ya ukuta, mu bandeji.

Tukitazama milango ya hospitali zetu, mikono ya milango ni ya chuma ao plastiki. Katode za shaba zinapita kila siku ku Kasumbalesa, juu ya kamio, zikienda mbali. Tunaacha hapo.

Lakini kwa yule ndugu aliyetaka kusaga jiwe: hapana, na tunarudilia, hapana. Jiwe la shaba linalotoka shimoni si shaba safi. Malakiti na jiwe la kobalti zinaweza kuwa na vitu vingine ndani, na mahali pengine mu Katanga mawe yana uranium. Kila mutu anajua habari ya Shinkolobwe. Unga huo ku kidonda ni sumu na uchafu, na pepopunda inaweza kuingia pamoja nao. Shaba ya waganga inatengenezwa mu laboratware, inapimwa ukubwa na kipimo, kiisha inajaribiwa. Haitoki mu mufuko wa mukrezeri.

Kuko namna nyingine ya kutumia nano, na sisi tunaiona ndiyo ya maana zaidi kwa watu wa migodi. Siyo kipande kinachoua, ni kipande kinachobeba. Wataalamu wanachukua antibiotiki ya zamani, wanaifunika mu kifuko kidogo cha mafuta, liposome, ili ifike ndani kabisa ambapo mikrobe imejificha. Mwaka 2018 Marekani iliruhusu dawa moja ya namna hiyo, amikasini mu liposome, inaitwa Arikayce. Mugonjwa anaivuta kwa pumzi. Inatumika kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na bakteria za ukoo wa kifua kikuu, kwa wale ambao dawa ya kawaida ya miezi sita haikuwasafisha. Katika jaribio lake, kwa wagonjwa mia moja waliopata dawa hiyo juu ya zile za kawaida, 29 makohozi yao yalisafika mu miezi sita. Kwa wale waliobaki na dawa za kawaida tu, 9. Si muujiza: 29 si 100. Lakini kwa ugonjwa ulioshinda kila kitu, ni kitu. Kifuko chake kiko na nanometa karibu 300, na wengine wanasema hiyo ni kubwa kidogo kwa kuitwa nano. Hayo ni mabishano ya wasomi, sisi tunatazama kazi.

Juu ya nini tunasema inatuhusu? Sababu vumbi la jiwe linaharibu mapafu yetu, ile silikoze ya wazee wetu, na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi yanashikwa upesi na kifua kikuu. Kongo iko mu orodha ya OMS ya inchi zenye kifua kikuu nyingi, na tena mu ile ya kifua kikuu chenye kukataa dawa. Mama mumoja musomi kutoka Tanzania, profesa Hulda Swai, alifanya kazi miaka mingi kule Pretoria, Afrika ya Kusini, kiisha Arusha, juu ya jambo hili hili: kufunga dawa za kifua kikuu mu vipande vya nano vya plastiki inayoyeyuka mwilini, ili dawa itoke pole pole, na mugonjwa aikunywe mara moja kwa wiki mahali pa kila siku. Fikirini mutu wa zamu ya usiku anayesahau vidonge, ao yule anayeviacha juu njaa inamushika akivikunywa. Kila kidonge kinachosahauliwa kinafundisha mikrobe. Kazi hiyo haijakuwa bado dawa ya kununua mu famasi, lakini tunafurahi kwamba ni mutu wa luga yetu aliyeianzisha, na kwamba alianza na ugonjwa wetu, si wa watu wengine.

Sasa turudi ku kichupa cha mayi ya arjan. Tulikipeleka kwa munganga. Hakukifungua hata. Alituambia kwamba kunywa feza namna hiyo, siku kwa siku, kunaweza kugeuza ngozi kuwa rangi ya majivu na bluu, na rangi hiyo haitoki tena mpaka kifo. Ugonjwa huo unajulikana, jina lake arjiria. Toka mwaka 1999 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba bidhaa hizo za kuuzwa bila ruhusa ya munganga hazijaonyesha kuwa salama wala kuponya. Wale wanaouza hapa kwetu wanaandika «nano» juu ya karatasi ya kichupa, basi. Aliyekinunua alilipa bei ya vidonge vya siku tano.

Na musifikiri kwamba bakteria imeshindwa kabisa mbele ya feza. Mwaka 1975, katika hospitali ya watu walioungua kule Boston, ilionekana salmonela iliyokataa feza pamoja na antibiotiki, na wagonjwa watatu wakafa. Mwaka 2018 wataalamu wa Jamhuri ya Cheki walionyesha kwamba bakteria ikikutana mara nyingi na feza ya nano inatoa utomvu wa protini unaozikusanya zile chembe kuwa donge, na donge halina nguvu tena. Tukiimwaga feza mu sabuni, mu soksi na mu kila kitu, tutaiharibu sawa vile tulivyoharibu ampisilini.

Kuko tena jambo ambalo watu wa laboratware hawalisahau, na sisi hatuwezi kulisahau kuliko wao. Ni udogo wa vumbi ndio unatuua. Vumbi kubwa tunalitema, vumbi dogo linashuka mpaka chini kabisa ya mapafu na linabaki pale. Sasa tunaambiwa kwamba udogo huo huo utatuponyesha. Inawezekana. Lakini kitu kidogo hivyo kikiingia mu damu kinafika mu maini, mu figo, na wakati mwingine kinakaa. Ndiyo sababu vitu vingi vya nano juu ya bakteria vinabaki mu majaribio ya panya, hata ile ya vipande vya zahabu vinavyopashwa moto kwa mwangaza ili viunguze mikrobe iliyo karibu. Ni kazi nzuri. Mugonjwa wa leo hatapona nayo leo. Na siku watakapoleta majaribio hayo kwa watu wa migodi, tutataka kuona karatasi kabla ya kutia mukono.

Basi kwa sasa, mbele ya kuja ile nano, tulirudi kumuuliza munganga wa hospitali kubwa: «Docta, juu ya nini kile kipimo hakikufanywa wiki ya kwanza?» Akajibu bila kuzunguka: «Juu ya bei. Na juu hakuna aliyeomba.» Kipimo hicho kinaitwa antibiogramu. Wanachukua usaha ao mukojo ao damu, mbele ya kuanza dawa, wanaotesha bakteria mu kisahani, wanaweka vidonge vidogo vya kila antibiotiki, wanatazama ipi inaiua. Siku mbili, tatu. Hata siku dawa za nano zitakapofika, itabidi kwanza kujua ni bakteria gani iko mu kidonda, na kipimo ni kile kile.

Tumekiandika mu orodha ya mambo ya kuzungumza na wakubwa wa kazi: antibiogramu kwa kila kidonda cha kazi kisichopona mu siku saba, kwa malipo ya muajiri, dawa ya siku zote zilizoandikwa, isitolewe nusu, maji safi na sabuni ku mulango wa shimo, ili kidonda kioshwe palepale, buti kavu kwa aliyeumia, ao kazi ya juu mpaka apone. Karatasi ya ajali iandikwe hata kwa mukwaruzo mudogo. Na wamama wa nyumba, tunawaomba: musimugawie mutoto vidonge vilivyobaki vya baba, hata kama homa inafanana.

Mukubwa wa watumishi alisoma orodha, akauliza kipimo kimoja kinauzwa bei gani. Tulimwambia. Akatoa kalkulatere, akapiga hesabu kwa watu wote wa mugodi, kama vile wote wangeumia siku moja. Ndugu yetu wa lampisteri alikuwa ameketi nyuma, fimbo kati ya magoti. Akaomba neno. Akasema tu hesabu yake mwenyewe: wiki tisa bila kushuka, dawa ya mwisho, mufupa, na mutu mwingine aliyelipwa kuchukua nafasi yake shimoni. Mukubwa akaandika hizo nazo. Mukutano mwingine ni mwisho wa mwezi, na tumemuomba akuje na munganga.